Vitundu vya Matumbawe: Usambaaji wa Molekuli katika Kuta za Songo Mnara

Kuta za Songo Mnara, mji uliostawi kusini mwa Kilwa Kisiwani tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, zilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Jiwe la matumbawe ni gumu mkononi, lakini ndani limejaa vitundu. Katika matumbawe ya Porites, yaliyotolewa baharini na kuchongwa yangali mabichi kwa ajili ya mihrabu na miimo ya milango, karibu nusu ya ujazo ni uwazi. Hewa, mvuke na maji ya chumvi hupita humo, na ukubwa wa vitundu ndio unaoamua kipi kipite na kwa kasi gani.

Molekuli hazitulii. Husambaa kutoka zilipo nyingi kwenda zilipo chache, na Adolf Fick alionyesha mwaka 1855 kwamba kiasi kinachopita huongezeka kadiri tofauti ya mkolezo inavyokuwa kubwa na njia inavyokuwa fupi. Ndani ya jiwe njia hurefuka, kwa kuwa vitundu hupindapinda na vingine havina mlango wa kutokea.

Molekuli ya hewa husafiri wastani wa nanomita 70 hivi kabla ya kugongana na nyingine. Katika kitundu kipana kuliko hapo, molekuli hugongana zenyewe kwa zenyewe, na gesi husambaa kama ilivyo nje. Katika kitundu chembamba zaidi hugonga kuta kwanza. Hali hii, iliyochunguzwa na Martin Knudsen mwanzoni mwa karne ya 20, hupunguza kasi kadiri kitundu kinavyokuwa chembamba, na molekuli nyepesi hutangulia: mvuke wa maji hupita kwa kasi takriban mara moja na nusu ya ile ya kaboni dayoksaidi. Chini ya nanomita 2, molekuli hunata ukutani na kusogea kwa kuambaa.

Chokaa hukomaa kwa usambaaji huohuo. Matumbawe yakichomwa juu ya tanuu la magogo hutoa kaboni dayoksaidi. Chokaa ikishazimwa kwa maji na kujengewa, huirudisha gesi hiyo kutoka hewani na kuwa jiwe tena. Vitundu vikijaa maji kazi husimama, kwani gesi husambaa majini polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani. Vikikauka kabisa nayo husimama, maana badiliko hilo linahitaji unyevu. Kina hukua kwa kipeuo cha pili cha muda: sentimita ya kwanza ikichukua mwezi mmoja, ya pili hukamilika mwezi wa nne.

Vitundu vyembamba pia hufyonza maji kutoka chini, na maji hubeba chumvi. Yakikaukia usoni mwa ukuta, chumvi hubaki kama unga mweupe unaofagilika. Lipu ya saruji, yenye vitundu vyembamba mno, huzuia mvuke; maji hukaukia nyuma yake, na fuwele za chumvi hukua ndani ya jiwe hadi kulipasua.

Songo Mnara na Kilwa Kisiwani ziliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Kuzitunza kuta hizi kunadai udongo wa kujengea wa chokaa ambao vitundu vyake haviubani mvuke kuliko jiwe lenyewe, ili chumvi imalizie safari yake kwenye chokaa inayoweza kupakwa upya, na jiwe lililochongwa lisalimike.