Usiukatie Tamaa Udongo wa Mwenzako

Amahoro kwenu wa Kamembe na Gihundwe. Jambo kwenu wa Bukavu, Kamanyola na Uvira. Amahoro kwenu pia wa Cibitoke na Bujumbura. Haya ndiyo maneno niliyoyasema siku ya maadhimisho yetu. Ndugu wa kamati wameniomba niyaandike, ili hata yule aliyekosa njia ya kuvuka mpaka ayapate.

Somo letu ni mfano wa mpanzi. Uko katika Mathayo 13, Marko 4 na Luka 8. Mnaujua: njia, mwamba, miiba, udongo mzuri. Tumeuhubiri mara nyingi sana, na kila mara tunamalizia na swali lile lile: wewe ni udongo gani? Leo sitauliza hivyo. Sisi wengi ni watoto wa jembe, basi tuuangalie udongo wenyewe kwanza.

Anza na neno. Kwa Kiswahili tunasema udongo, tunasema ardhi, tunasema mavumbi. Kwa Kinyarwanda, ubutaka ni udongo na ni ardhi pia. Kwa Kiebrania udongo ni adama, na humo jina la Adamu linasikika. Kwa hiyo mtu akisema, "Yule ni udongo mbaya," ajue anamsema ndugu yake wa tumbo moja.

Sasa nikuonyeshe aina za udongo za hapa kwetu. Shuka Bugarama. Kule chini kuna joto, na udongo ni mweusi, mzito. Mvua ikinyesha unanata miguuni hadi unaacha viatu. Jua likiwaka unapasuka nyufa. Mtu wa viazi akiuona atasema haufai. Lakini mpunga unaupenda kabisa, maana unashika maji. Tena bonde hilo haliishii kwetu: linaendelea Kongo kuelekea Luvungi na Uvira, na Burundi wanaliita Imbo. Bonde moja, nchi tatu. Udongo haujawahi kuulizwa kitambulisho.

Panda sasa kuelekea msitu wa Nyungwe. Huko juu mvua ni nyingi, na kwa miaka mingi imeosha chumvichumvi nzuri za udongo ikabakiza ukali. Wataalamu wanaupima kwa namba: 7 ni katikati, na ukishuka chini ya 5.5 mizizi ya maharagwe inaanza kuteseka. Lakini chai ya Shagasha inastawi katika ukali huo huo! Basi ukisema udongo ni mbaya, nitakuuliza: mbaya kwa mbegu gani?

Nina ushuhuda hapa. Familia yetu ina kipande cha shamba kwenye vilima hivyo. Misimu mitatu tulipanda maharagwe, yakatoka manjano, mafupi, maganda matupu. Nikasema, shamba hili limekufa, bora tuliuze. Agronomu akaja, akashika udongo mkononi, akaniambia: "Mchungaji, haujafa. Ni mkali. Umepata chokaa?" Kumbe dawa ilikuwa hapa hapa Rusizi. Ile ishwagara inatoka Mashyuza, kwenye jiwe la chokaa linalolisha pia kiwanda cha saruji cha Cimerwa. Tukanyunyiza, tukachanganya na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, tukaongeza samadi. Msimu wa kwanza mabadiliko yalikuwa kidogo. Msimu wa pili tulikula.

Siku ile nikiwa shambani nilikumbuka daftari langu.

Mpendwa, nikiri mbele yako. Mimi kama mwinjilisti nina daftari la kutembelea watu. Pembeni ya majina nilikuwa naandika alama: njia, mwamba, miiba. Kulikuwa na ndugu mmoja wa Bukavu, zamani mwimbaji wetu mzuri, aliyeacha kuja. Nilimtembelea mara tatu, na mara zote tatu nilimkemea. Baada ya ya tatu nikaandika "mwamba", nikafunga ukurasa.

Nilipotoka kwenye maharagwe yale, nikavuka Rusizi ya Kwanza kwenda kwake. Safari hii sikufungua Biblia. Nilikaa, nikanywa chai, nikasikiliza. Akaniambia, "Mchungaji, mwaka 2020 mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona, mtoto wangu alifariki. Nilielewa kwamba hamkuweza kuja kuzika. Lakini mpaka ulipofunguliwa, nilingoja. Hakuna aliyevuka. Wewe ulikuja mwaka uliofuata, ukaniuliza kwa nini sileti zaka."

Sikuwa na jibu. Mwamba ulikuwa kwangu.

Sasa turudi kwenye mfano, na tuusome polepole.

Kwanza, njia. Njia haikuumbwa ngumu. Ilikuwa shamba, ikakanyagwa. Ukiona mtu mgumu, uliza ni nani waliopita juu yake. Inawezekana ni sisi, tukiwa tunakwenda kwenye mkutano wa maombi.

Pili, mwamba. Hapa kwetu milimani tunajua: kilima kisichozuiwa, mvua inachukua udongo wa juu, jiwe linabaki wazi. Lakini wakulima hawakuhama vilima. Walichimba ngazi, zile tunazoziita amaterasi, ili udongo usikimbie. Mtu ambaye kila mvua ya maisha imechukua kidogo chake anahitaji watu wa kumzuia asikimbie chote.

Tatu, miiba. Sikia vizuri: miiba haisongamani mahali pasipo rutuba. Yule mama anayevuka mpaka alfajiri na bidhaa kichwani, deni la mkopo liko nyuma, karo za watoto ziko mbele, huyo ana udongo mzuri sana. Umesongwa. Usimhubirie kwanza juu ya anasa. Msaidie kung'oa hata mwiba mmoja.

Nne, udongo mzuri. Hata huo haukutoa sawa: thelathini, sitini, mia. Bwana hakumfukuza wa thelathini.

Mtu ataniuliza, "Basi kila mtu atatoa matunda?" Sijasema hivyo. Kukua ni kazi ya Mungu. Lakini chokaa, ngazi na kung'oa miiba ni kazi tuliyopewa sisi. Wamisionari kutoka Uswidi walifanya kazi Kongo kwanza, na mwaka 1940 kazi ikaanza Gihundwe. Kama wangetazama vilima hivi na kuandika "mwamba" kwenye daftari, leo tungekuwa tunaadhimisha nini?

Yule ndugu hajarudi kwenye kwaya. Sitakudanganya ili ushuhuda uwe mtamu. Lakini mwezi uliopita alivuka akaja shambani kwetu, tukalima pamoja hadi saa sita. Alikuwa akivuta wimbo kwa sauti ya chini. Sikumwambia kitu. Chokaa haifanyi kazi siku moja.

Neno la mwisho kwako unayesoma. Kila mmoja wetu ana daftari, hata kama ni la kichwani tu. Kuna jina uliloliandikia alama ukafunga. Labda yuko ng'ambo ya daraja, labda yuko chumba cha pili ndani ya nyumba yako. Kabla sherehe hizi hazijapoa, lifungue daftari hilo. Nenda kwake. Ukifika, usianze kupanda. Kaa kwanza, ushike udongo mkononi.

Mungu awabariki. Imana ibahe umugisha.