UTUNZAJI WA NYAYO ZA WATOTO WETU
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimepewa heshima ya kusema nanyi juu ya jambo ambalo kwa sura yake ni dogo, nalo ni ngozi ya nyayo za watoto: ile ngozi inayokauka, ikapasuka, na mwishowe ikabambuka vipande vipande. Huenda mzee mmoja akauliza, "Je, Mkutano Mkuu, wenye hesabu za fedha na karo za kuangalia, una nafasi ya kuzungumza habari za magaga?" Najibu kwa adabu kwamba nafasi ipo, tena yatupasa. Chama chetu hutoa fedha ili watoto wasome. Mtoto ambaye kila hatua kwake ni maumivu hufika shuleni amechelewa, hukaa kando wenzake wachezapo, na asipotazamwa huanza kubaki nyumbani. Hapo karo imekwisha kulipwa, lakini miguu ya kumfikisha darasani haipo.

Kwanza tuujue wayo wenyewe. Ngozi ya wayo ni nene kupita ngozi ya mahali pengine mwilini, lakini haina vifuko vya mafuta kama vile vilivyo usoni na kichwani. Ina vijitundu vya jasho tu, navyo ni vingi sana. Kwa hiyo ulaini wake hutegemea maji yaliyomo ndani ya ngozi. Maji hayo yakipungua, ngozi hugumaa. Mtoto akikanyaga, uzito wa mwili huitanua, nayo kwa kuwa haiwezi kunyumbuka hupasuka. Ndiyo sababu magaga huzidi wakati wa kiangazi na upepo mkavu, na huwapata zaidi watoto wanaotembea pekupeku vumbini, na wale wanaooshwa kila siku kwa maji ya moto na sabuni kali ya kufulia.

Magaga ya namna hii hutibika nyumbani kwa gharama ndogo. Jioni, mtoto akiisha kucheza, atiwe miguu katika karai la maji ya vuguvugu kwa muda wa dakika 10. Sabuni iwe ya kuogea, tena kidogo. Kisha akaushwe kwa kitambaa safi, kwa kugusagusa bila kusugua, na katikati ya vidole pasisahauliwe. Kabla ngozi haijakauka kabisa, apakwe mafuta mazito ya mgando, ya kutosha kufunika wayo mzima na kuingia nyufani. Yafaa tuelewe kwamba mafuta hayo hayaitii ngozi maji. Kazi yake ni kuyafungia ndani yale yaliyokwisha kuingia. Mwenye kupaka mafuta juu ya ngozi kavu amefunga mlango wa ghala tupu. Baada ya kupakwa, mtoto avishwe soksi safi za pamba alale nazo, na asubuhi apakwe tena. Ufa wenye kina waweza kufunikwa kwa plasta ili kingo zake zikaribiane na kupona. Kazi hii yataka saburi, kwa maana nyufa kubwa huchukua majuma kadhaa kufunga.

Iko desturi ya kuikata ngozi iliyobambuka kwa wembe, au kumsugua mtoto kwa jiwe hadi alie. Desturi hii tuiache. Ngozi ngumu ya mtu mzima yaweza kuvumilia jiwe, bali ya mtoto huchubuka, na penye mchubuko vijidudu hupata njia. Hali kadhalika tusimwage juu ya ufa mafuta ya taa, wala maji ya betri, wala oili chafu ya gari. Vitu hivi huunguza nyama, na kidonda kilichoungua hukawia kupona kuliko ufa ule wa kwanza.

Lakini, waheshimiwa, si kila wayo unaobambuka umekauka kwa vumbi. Wako watoto ambao hawatembei pekupeku hata siku moja, nao nyayo zao zimepasuka. Ukimtazama mtoto kama huyo, aghalabu wa umri wa miaka 3 hadi 14, utaona kwamba sehemu ya mbele ya wayo na upande wa chini wa kidole gumba vinang'aa kama vilivyopakwa vanishi, vimekuwa vyekundu au vyeusi kuliko kawaida, na vina nyufa nyembamba zenye kuuma. Katikati ya vidole pako salama. Chanzo chake ni kiatu. Mtoto hushinda ndani ya viatu vya mpira au plastiki na soksi za nailoni. Jasho halina pa kutokea, ngozi hulowa. Kisha huvua, nayo hukauka kwa ghafula. Kulowa na kukauka huku, pamoja na msuguano wa kiatu kinachopwaya, ndiko kunakoipasua. Dawa yake ni soksi za pamba zinazobadilishwa kila zilowapo, viatu vya ngozi au vya turubai vinavyopitisha hewa na kumkaa sawasawa, na mafuta ya mgando jioni. Mzazi asikate tamaa, kwani aghalabu tatizo hili humwacha mtoto anapobalehe.

Namna ya tatu ni fangasi. Hii hupenda kuanza katikati ya vidole, hasa kile cha mwisho na jirani yake. Ngozi huwa nyeupe na laini kama iliyolowekwa, huwasha na kunuka, kisha hubambuka. Mara nyingi mguu mmoja huugua zaidi ya mwingine. Hapa mafuta ya mgando peke yake hayafai kitu. Yahitajika dawa ya kuua fangasi, kama klotrimazoli au marhamu ya Whitfield, na ipakwe kwa majuma 2 hadi 4 kama mganga atakavyoagiza, hata kama mwasho umekwisha siku ya tano. Wengi huacha mapema, ndipo ugonjwa hurudi. Ndugu wasivae viatu vya mwenzao wala kujipangusa kwa taulo lake.

Nataka kutoa onyo juu ya zile dawa za kupaka zenye steroidi zinazouzwa bila kuulizwa swali. Kwa mtoto mwenye ukurutu, mganga aweza kuziandika, nazo humsaidia. Bali zikipakwa juu ya fangasi, wekundu na mwasho hupungua, mzazi akafurahi, kumbe chini ya utulivu ule fangasi inaenea. Hata mganga atakapoitazama baadaye, atapata shida kuitambua.

Sasa nafika kwa funza, jambo linaloleta aibu kubwa katika nyumba zetu. Wako wasemao kwamba funza ni laana ya ukoo, na kwa sababu hiyo mtoto hufichwa. Historia yakanusha. Mdudu huyu asili yake ni Marekani ya Kusini. Mwaka 1872 aliletwa Angola na meli iliyotoka Brazil, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amekwisha kulivuka bara hadi upande wetu wa mashariki. Basi laana gani hii iliyosafiri kwa meli? Funza jike, mdogo kama punje ya mchanga, hujichimbia ndani ya ngozi, hasa kando ya kucha na kisigino, akavimba kwa mayai hata kufikia ukubwa wa njegere. Ngozi iliyo juu yake huwa ngumu, hupasuka na kubambuka, na kwa mbali mtu hudhani ni magaga tu. Ukitazama karibu utaona duara jeupe lenye nukta nyeusi katikati.

Tumezoea kumtoa kwa pini au mwiba, tena pini moja kwa watoto wote wa nyumba. Pini hiyo yaweza kuchukua virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine, na tundu linaloachwa ni mlango wa pepopunda. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanywa vijijini hapa Kenya, ukilinganisha mafuta yaitwayo dimetikoni na maji ya zambarau ya pamanganeti. Baada ya siku 7, katika miguu iliyopakwa dimetikoni, funza 78 katika kila 100 hawakuonyesha tena dalili ya uhai. Katika ile iliyooshwa kwa pamanganeti walikuwa 39. Mafuta yale humziba funza pumzi bila kumchoma mtoto. Lakini tukimtibu mtoto na kumrudisha alale juu ya sakafu ya vumbi pamoja na mbwa au nguruwe, tumefanya kazi bure. Sakafu ikandikwe au itiwe saruji, inyunyizwe maji na kufagiwa, na wanyama walale kwao.

Zaidi ya hayo, ziko dalili ambazo hazitaki dawa ya nyumbani hata kidogo. Mguu ukiwa mwekundu, wa moto, wenye usaha, na mtoto ana homa au mitoki ya kinena, apelekwe zahanati siku ile ile. Mtoto mdogo ambaye miguu imevimba, ngozi yabambuka kama rangi ya ukuta wa zamani, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, naye hataki kucheza wala kula, huyo ana kwashakoo, ugonjwa ambao Daktari Cicely Williams aliueleza mwaka 1933 akiwa katika nchi ambayo leo ni Ghana. Kumpaka mafuta mtoto huyo ni kumpoteza. Anahitaji hospitali na chakula cha matibabu. Vile vile mtoto mwenye homa ya siku 5, macho na midomo myekundu, na vipele, asingojewe hata ncha za vidole zianze kubambuka. Yaweza kuwa ugonjwa ulioelezwa na Daktari Tomisaku Kawasaki wa Japani mwaka 1967, nao huweza kudhuru mishipa ya moyo. Kubambuka huja mwishoni, wakati nafasi nzuri ya tiba inaelekea kupita.

Najua baadhi ya wazee watasema, "Sisi tulikwenda pekupeku, na nyayo zetu zikawa ngumu kama ngozi ya ng'ombe, na tuko hai." Maneno hayo ni kweli kwa walio hapa. Lakini waliokufa kwa pepopunda hawapo mkutanini kutoa ushahidi wao. Heshima kwa njia ya wazee wetu haituzuii kuwapa wajukuu njia iliyo salama zaidi.

Kwa hayo, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu ufikirie mambo matatu. La kwanza, chama kinaponunulia watoto viatu, kisitazame bei peke yake. Jozi moja inayopitisha hewa, pamoja na jozi mbili za soksi za pamba, yafaa kuliko jozi mbili za plastiki. La pili, kila tawi lichague akina mama wawili watakaofundishwa katika zahanati kutambua funza, fangasi na kwashakoo, ili watembelee nyumba bila kumwaibisha mtu. La tatu, kila mzee mwenye nyumba atazame nyayo za watoto wake mara moja kwa juma, na ahakikishe chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hazikukosekana, kwa kuwa ndani yake mna kinga ya pepopunda.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa wayo huzibwa kwa karai la maji, mafuta kidogo, na jicho la mzazi. Ukiachwa, gharama yake hulipwa hospitalini, na pengine mtoto hulipa kwa masomo yake.