Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Miezi ya Kwanza Nyumbani na Wajibu wa Kituo Kilicho Karibu

Mada iliyotolewa katika semina ya wahudumu wa afya, Kata ya Ipililo, Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu



1. Utangulizi

Najua wapo mnaojiuliza kwa nini tuzungumzie upasuaji wa kupunguza uzito hapa Ipililo, ambako kliniki zetu bado zinahangaika na watoto wenye uzito pungufu. Swali hilo ni la haki. Lakini Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba kati ya kila wanawake 100 nchini wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi. Tatizo ni kubwa zaidi mijini, na watu wa mijini ni watoto wetu. Wanafanya kazi Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam, na wakiugua au wakipewa likizo ya matibabu hurudi kwa mama zao.

Upasuaji wenyewe hatuufanyi huku. Hospitali ya Taifa Muhimbili, kule Mloganzila, imeanzisha miaka ya karibuni huduma za kupunguza uzito, na wengine huenda Nairobi au India. Mgonjwa hukaa wodini siku chache tu. Miezi inayofuata, ambayo ndiyo huamua kama atapona au ataharibikiwa, anaimaliza nyumbani. Hoja yangu leo ni moja: daktari bingwa hufanya upasuaji mara moja, bali matibabu huendelea kila siku, na mahali pa kuyaendeleza ni zahanati iliyo jirani na mgonjwa.

2. Mgonjwa amefanyiwa nini?

Swali la kwanza la kumuuliza aliyerudi ni hili: ulifanyiwa huduma ipi? Majibu yanaweza kuwa matatu.

(a) *Kukatwa sehemu ya tumbo.* Daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula na kubakiza mrija mwembamba. Kilichoondolewa hakirudi.

(b) *Njia ya mkato.* Sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hutengwa iwe kifuko cha mililita 30 hivi, kisha huunganishwa na utumbo mwembamba, na chakula huruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Mwanzilishi wake ni Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, katika miaka ya 1960.

(c) *Puto.* Huu si upasuaji. Puto huingizwa kwa mpira kupitia mdomoni, hujazwa maji ya chumvi, na hukaa tumboni kwa muda maalumu, mara nyingi miezi sita, kisha hutolewa. Mgonjwa wa puto ana tarehe ya kurudi hospitali, na tarehe hiyo iandikwe kwenye daftari letu. Baadhi ya maputo hutiwa rangi ya bluu ndani. Mgonjwa akikuambia mkojo umekuwa wa kijani au wa bluu, puto linavuja. Usimpe dawa ya UTI; mpe rufaa siku hiyo hiyo.

Miongozo ya kimataifa iliyohuishwa mwaka 2022 inapendekeza upasuaji kwa mtu ambaye uwiano wa uzito na urefu wake umefika 35, au 30 akiwa na kisukari cha aina ya pili. Uwiano huo ni kilo zake ukizigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Tuchukue mfano wa kutunga: mama mwenye kilo 128 na urefu wa mita 1.62. Uwiano wake ni karibu 49. Huyu hakufuata urembo. Magoti, presha na sukari vilikwisha kumfikisha pabaya.

3. Wiki sita za kwanza

*Safari.* Kutoka Dar es Salaam hadi Maswa ni zaidi ya kilomita 900. Mtu aliyetoka kupasuliwa, tena mnene, akikaa kwenye kiti cha basi mchana kutwa bila kunyoosha miguu, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu na bonge likapanda hadi kwenye mapafu. Asisafiri kabla daktari wake hajamruhusu. Akisafiri, ashuke atembee kila basi linaposimama, Morogoro, Dodoma, Singida, na awe na maji ya kunywa mkononi. Akifika na mguu mmoja umevimba na kuuma, au anahema kwa shida, hiyo ni dharura.

*Dalili za hatari.* Mahali paliposhonwa panaweza kuvuja, hasa katika wiki mbili za kwanza. Msingoje homa kali wala tumbo kuwa gumu; kwa mtu mnene dalili hizo huchelewa. Shikeni mkono, hesabuni mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Yakizidi 120 hali mgonjwa amepumzika, hasa akiwa na maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto, apelekwe Hospitali ya Wilaya bila kungoja kesho, na aliyempasua apigiwe simu.

*Kunywa na kula.* Huanza na vimiminika tu kwa wiki mbili hivi, kisha vyakula vilivyopondwa laini, kisha vyakula laini, na kufikia wiki ya sita hadi ya nane huanza kurudi kwenye chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo. Afuate karatasi aliyopewa hospitalini, kwani ratiba hutofautiana. Maji anahitaji lita moja na nusu kwa siku, ila kikombe kizima kwa mkupuo hakiwezi. Apige funda dogo dogo tangu asubuhi hadi usiku. Wengi wanaorudishwa wodini mwezi wa kwanza hawana jambo jingine isipokuwa kukaukiwa maji.

*Kutapika.* Kutapika mara moja kwa sababu ya kula haraka ni jambo la kawaida. Kutapika kila siku kwa wiki mbili au tatu ni hatari, kwa kuwa akiba ya vitamini B1 mwilini huisha upesi. Mgonjwa huanza kuyumba, kuona vitu viwiliviwili na kuchanganyikiwa, na watu wa nyumbani wakadhani amerogwa. Mgonjwa wa namna hii apewe vitamini B1 kabla hajatundikiwa dripu ya glukosi. Glukosi peke yake huzidisha madhara kwenye ubongo.

4. Mwezi wa pili hadi wa sita

Hiki ndicho kipindi ambacho uzito hushuka kwa kasi. Hata hivyo haushuki kila wiki. Karibu na mwezi wa kwanza au wa pili mizani mara nyingi hugoma kwa wiki mbili tatu, na mgonjwa hukata tamaa. Mpimeni kwa mizani ile ile, mara moja kwa wiki inatosha, na mpimeni pia kiuno kwa tepu. Mara nyingi tepu husogea mizani ilipogoma.

Mambo manne yafuatiliwe kwa karibu.

*Kwanza, dawa za presha na sukari.* Dozi aliyokuwa akitumia akiwa na kilo 128 inaweza kumwangusha akifika 105. Kwa mwenye kisukari, sukari inaweza kushuka siku chache tu baada ya upasuaji, kabla hata hajapungua. Kizunguzungu, jasho la baridi na kutetemeka ni ishara ya kupima sukari na presha papo hapo na kuwasiliana na daktari ili dozi ipunguzwe. Kazi hii zahanati inaiweza.

*Pili, dawa za maumivu.* Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huweza kuleta vidonda vinavyotoka damu, hasa kwa aliyefanyiwa njia ya mkato. Shida ni kwamba dawa hizi zinapatikana kila duka la dawa muhimu, na mtu akitoka kupalilia pamba mgongo unauma, hununua mbili tatu bila kuuliza. Wenye maduka waambiwe: mteja huyu apewe parasetamo. Kama aspirini aliandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo, asiiache bila kumwuliza.

*Tatu, nywele.* Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele hunyonyoka kwa wingi. Mzizi haujafa, na kwa kawaida huota tena iwapo anakula protini ya kutosha na damu yake ina madini ya chuma.

*Nne, vijiwe vya nyongo.* Kupungua haraka huviotesha. Maumivu chini ya mbavu za kulia baada ya kula yasichukuliwe kuwa gesi tu.

5. Sahani ya Kisukuma

Karatasi za ushauri zinazotoka hospitali kubwa hutaja mtindi wa dukani na unga wa protini wa kopo. Turudi jikoni kwetu. Mgonjwa anahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi. Glasi ya maziwa, gramu 8. Kipande cha sato cha gramu 100 kilichopikwa, zaidi ya 20. Dagaa wakavu wa Ziwa Victoria wakisagwa, vijiko viwili katika uji mwepesi au mchuzi ni msaada mkubwa. Choroko, dengu na karanga zilizosagwa vipo, na maziwa mgando yapo.

Ugumu uko kwenye ugali. Sisi tonge la ugali na mlenda hatulitafuni; tunalichovya, linateleza, limekwenda. Kwa mfuko uliobaki mrija, tonge hilo hukwama, kifua kikabana, mate yakajaa mdomoni, na mwisho akatapika. Kwa hiyo ugali uje mwishoni, baada ya samaki au maharage, kidogo sana, na utafunwe hadi uwe laini kabisa. Michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) nayo ilowekwe na kuchemshwa ilainike. Asinywe chochote pamoja na chakula; angoje nusu saa.

Soda, juisi na uji uliojaa sukari hupita upesi na kumwagika kwenye utumbo, hasa kwa mwenye njia ya mkato. Moyo hudunda, jasho humtoka, tumbo humsokota na kuhara hufuata. Pombe nayo hupanda haraka kuliko zamani, na wako walioacha kula wakahamia kwenye chupa. Hilo tuliulize waziwazi kila anapokuja.

Jambo jingine ni sinia. Kula pamoja ni heshima, lakini kwenye sinia mtu hula kwa kasi ya wenzake wala hajui amekula kiasi gani. Atengewe kisahani chake, akae pale pale na wenziwe, ale taratibu kwa dakika 20 au 30.

6. Maneno ya watu

Hapa kwetu unene ni neema na wembamba una maelezo. Mtu akipungua kilo 30 ndani ya miezi michache, mtaa utasema ana ngoma, au amelogwa, au mume anamtesa. Mama mkwe kwa mapenzi yake yote atamsogezea bakuli: "Kula, ng'wanawane (mwanangu), unaisha!" Kukataa ni kumvunjia heshima, na kukubali ni kutapika.

Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Mhudumu hana ruhusa ya kuieleza jamii, hata kwa nia ya kumtetea. Tunachoweza ni kumshauri achague mtu mmoja au wawili ndani ya nyumba wajue ukweli wote na wamsaidie kuwajibu wengine. Kwa ruhusa yake, tukae na mama mkwe tumweleze. Na kama mgonjwa mwenyewe ana huzuni isiyoisha, halali, au anajuta, hilo lihudumiwe kama ugonjwa mwingine wowote.

Suala la uzazi lisisahaulike. Mwanamke aliyekuwa hapati hedhi kwa sababu ya unene anaweza kuanza kuiona na kushika mimba bila kutarajia, ilhali anashauriwa asubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visinyonywe vizuri baada ya njia ya mkato. Kijiti au kitanzi ni chaguo la uhakika zaidi, na vyote viwili ni huduma tunazozifahamu.

7. Mwaka wa kwanza na kuendelea

Kwa wengi uzito hufikia chini kabisa kati ya miezi 12 na 24. Aliyepasuliwa hutarajiwa kupungua robo hivi ya uzito wake, pengine zaidi. Mama wetu wa mfano atatua kwenye kilo 90 hadi 96, wala si 60, na aelezwe hivyo mapema. Ngozi itaning'inia tumboni na mikononi, na mikunjo yake ikaushwe vizuri isiote fangasi.

Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 uliwafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi. Waliopasuliwa walikufa kwa kiwango kidogo kuliko wenzao ambao hawakupasuliwa, na wa njia ya mkato bado walikuwa wamepungua asilimia 25 miaka kumi baadaye. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa uzito hurudi kiasi baada ya mwaka wa kwanza au wa pili. Aliyeongezeka kilo tatu asikaripiwe, arudishwe kwenye utaratibu wake.

Vitamini ni za maisha, hususan B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D. Mtu huzitupa mwezi wa nane akijiona mzima, na upungufu wa damu au ganzi ya miguu ikaja baada ya mwaka au zaidi.

8. Mapendekezo

1. Kila aliyefanyiwa huduma hii afunguliwe kadi kituoni ndani ya wiki moja ya kufika, nayo ionyeshe aina ya huduma, tarehe, na simu ya hospitali yake.
2. Apimwe uzito, presha, mapigo ya moyo na, ikihitajika, sukari: kila wiki kwa miezi miwili, kisha kila mwezi hadi mwaka utimie.
3. Wingi wa damu upimwe mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili. Vipimo tusivyo navyo viombwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bariadi, au Hospitali ya Bugando, Mwanza.
4. Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu waelezwe juu ya dawa za maumivu.
5. Wahudumu wa ngazi ya jamii wafundishwe dalili tano za kukimbiza mgonjwa: mapigo yanayozidi 120, kuhema kwa shida, mguu mmoja kuvimba, kutapika kusikokoma, na kinyesi cheusi au chenye damu.

9. Maswali ya vikundi

(a) Mgonjwa wa wiki ya pili amekuja saa kumi jioni, mapigo 128, hana homa, anasema ni uchovu wa safari. Mnafanya nini, nani anampigia nani, na usafiri unatoka wapi?

(b) Mwezi wa tano, binti anaomba barua ya kuthibitisha kwa wakwe kwamba hana UKIMWI. Mnamjibu vipi bila kuvunja siri yake?

(c) Pangeni mlo wa siku moja wenye gramu 60 za protini kwa bei za gulio letu la wiki hii.