Tupime Kuaminiana Kabla ya Kuchagua Kamati ya Msitu



Haya ndiyo tuliyoyasema mkutanoni. Tunayabandika hapa kwa ajili ya waliokuwa shambani, na wenzetu wa darasa la jioni nao wapate cha kusoma.

Kijiji kinajiandaa kutenga msitu wake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaturuhusu: tunachagua kamati, tunatunga sheria ndogo, na mapato ya msitu yanakuwa ya kijiji. Ni jambo jema. Lakini fedha hizo atashika nani? Na nani atamkamata shemeji yake akikuta anakata mti usiku? Hapo ndipo penye kazi.

Wataalamu husema kijiji kina mtaji wa kijamii. Maana yake siyo fedha wala majembe, ni kule kuaminiana na kushirikiana: kuzikana, kulimiana kwa zamu, kuchangishana. Wengine walicheka, ati kuaminiana nako kunapimwa kwa debe? Basi kunapimwa. Mwaka 1995 vijiji 87 vya Tanzania vilipitiwa, zikaulizwa kaya zaidi ya 1,300. Hawakuulizwa kama wanapendana, maana hapo kila mtu angejibu ndiyo. Waliulizwa: uko katika vikundi vingapi? Humo mna ukoo mmoja tu, au mmechanganyika? Mwenye nacho na asiye nacho wanakaa pamoja? Mambo mnayaamuaje?

Deepa Narayan na Lant Pritchett wa Benki ya Dunia walitoa matokeo mwaka 1997. Vijiji vyenye vikundi vingi, vyenye watu mchanganyiko, ndivyo vilivyokuwa na maisha afadhali, huduma bora na kilimo cha kisasa zaidi. Na faida hiyo haikuishia kwa mwanachama mwenyewe, ilienea kijijini.

Sasa turudi kwetu. Tukihesabu majina ya vikundi tutajidanganya. Kikundi chaweza kuwa na muhuri na daftari, lakini siku ya mkutano wakaja watu watatu na mbwa. Tena wachoma mkaa wa usiku nao wanaaminiana sana! Kwa hiyo hatuna budi kuuliza zaidi. Walioandikishwa ni wangapi, na waliofika mkutano wa mwisho ni wangapi? Akina mama wanasema, au wanapika chai tu? Wafugaji na wageni waliohamia wamo? Daftari la fedha husomwa mbele ya watu? Likifichwa la kikundi kidogo, la msitu litasomwa na nani?

Tukiona kwamba wafugaji hawamo katika kikundi hata kimoja, tutajua kuwa kamati isiyo na mfugaji haitatii mtu. Ng'ombe wataingia msituni tu, na sisi tutabaki kuandika barua wilayani.

Kuanzia Jumatatu watapita watu wawili wawili na madaftari, nyumba kwa nyumba. Ajibu mama naye, siyo baba peke yake. Hesabu itabandikwa hapa hapa kabla ya uchaguzi, bila majina ya watu. Anayejua kuandika na ana nafasi, ajiandikishe ghalani kabla ya Jumapili jioni. Kalamu zipo.