Wakala Kabla ya Mwingereza



Mwanazuoni mwenzetu mmoja, ninayemheshimu kwa mengi ila si kwa hili, hupenda kusema kwamba hati ya uwakilishi ililetwa pwani na Mwingereza, na kwamba kabla yake watu walitumana kwa kuaminiana tu. Ushahidi wake ni jina: maofisini tunasema "nguvu ya kisheria", na nguvu hiyo imefasiriwa kutoka Kiingereza, power of attorney. Sawa, lakini kufasiri jina hakuthibitishi kwamba kitu chenyewe hakikuwapo.

Hata hicho Kiingereza hakimsaidii. Neno attorney limetoka Kifaransa cha kale, atorné, mtu aliyegeuziwa jambo, aliyekabidhiwa. Halina joho wala mahakama ndani yake. Uingereza yenyewe iliwavua mawakili wa mahakamani jina hilo kwa sheria ya 1873; hati ikabaki nalo, na hadi leo anayeishika aweza kuwa fundi bomba au shangazi yako.

Kwetu, wakili, wakala, wakilisha na tawakali ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu: kumwachia mwingine jambo lako. Anayetawakali humwachia Mungu bila masharti. Anayemwachia mja mwenzake huweka masharti, na hayo mafakihi waliyachambua zamani sana. An-Nawawi, aliyefariki 1277, ana mlango mzima wa wakala katika Minhaj, kitabu walichokitegemea makadhi wa Kishafii wa pwani hii.

Mniwie radhi nikae kidogo kwa sahaba Urwa al-Bariqi, maana hadithi yake siichoki. Mtume alimpa dinari moja akamnunulie kondoo. Urwa akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari vilevile. Akaombewa baraka katika biashara yake. Mafakihi wakaanza kuumiza vichwa: alitumwa kununua, nani alimtuma kuuza? Anayeuza cha mtu bila agizo wao humwita fudhuli. Wahanafi wanasema uuzaji wake husubiri idhini ya mwenye mali. Wengi katika Washafii wanaubatilisha. Sisi Waswahili tulishakata shauri: neno hilohilo limetupa mfidhuli.

Na mfidhuli nimemwona. Kwenye ofisi moja ya ardhi, kijana mbele yangu alitaka kuuza nyumba ya mama yake aliyekuwa ng'ambo. Alikuwa na hati yenye picha, mihuri na saini. "Mimi ndiye mwenye nguvu sasa," alimwambia karani. Karani akaisoma taratibu, kidole chake kikasimama kwenye mstari wa tatu: kukusanya kodi ya pango. Basi. Hapakuwa na neno kuuza popote. Kijana aliondoka akilalamika kwamba amenyang'anywa haki yake.

Mwenzangu atauliza, je, vitabuni si kwingine na baharini kwingine? Mwaka 1840, miaka 50 kabla ya himaya ya Waingereza Zanzibar, Ahmad bin Na'aman alitia nanga New York na merikebu Sultana, akauza karafuu, pembe za ndovu na tende za Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, akarudi na bidhaa za bwana wake. Mali ya mtu mwingine, bahari mbili mbali, na hesabu ya kutoa akirudi. Kama huo si uwakala, sijui tuuite nini.

Mwingereza alileta kitu, sikatai: Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ambayo yetu ya Tanzania Bara imeifuata karibu neno kwa neno. Humo uwakala hukoma mtumaji akifa au akirukwa na akili. Mafakihi nao walisema hivyohivyo. Kwa hiyo mzee aliyemwandikia binti yake hati akiwa mzima, siku usahaulifu ukimzidi, hati inakufa, na ndiyo siku binti anaihitaji benki na hospitalini. Uingereza iliziba pengo hilo kwa sheria ya mwaka 1985, ikaweka iliyo bora zaidi mwaka 2005.

Mimi nitaendelea kuiita hati ya wakala, kwa sababu "nguvu" humdanganya anayeipokea. Hilo tunaweza kubishana hadi usiku. La mzee na binti yake halina ubishi. Wabunge mlioketi humu, andaeni muswada: hati iliyoandikwa na mtu mwenye akili timamu, mbele ya mashahidi, iendelee kufanya kazi akili ikimtoka, chini ya macho ya mahakama.