MWALIMU WA BAGAMOYO KATIKA NCHI YA UGENI

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Washarika na wageni wa Dayosisi, Kiwangwa)



Jubilei ya miaka mia moja ina desturi yake. Hutajwa majina ya walimu waliovuka bahari kutoka Ulaya, husimuliwa homa zilizowapata, na huonyeshwa makaburi yao. Ni haki kufanya hivyo. Lakini bahari ile ilivukwa pia kwa upande wa pili. Walikuwapo walimu wa pwani hii waliokwenda Ujerumani kufundisha, nao hawatajwi mara nyingi. Siku ya shukrani kama hii ni siku njema ya kuwakumbuka.

Mwaka 1887 mambo mawili yalitokea. Huku kwetu, misioni ya Kilutheri kutoka Berlin ilianza kazi Dar es Salaam, na baadaye ikaingia Uzaramo, mpaka Kisarawe na Maneromango. Kule Berlin, katika mwaka huohuo, kilifunguliwa Chuo cha Lugha za Mashariki, kilichofundisha Kiarabu, Kichina, Kituruki na lugha nyingine, pamoja na Kiswahili. Wanafunzi wake wengi walikuwa watu waliojiandaa kuja kutawala au kufanya biashara katika nchi hizi. Mmoja wa walimu wa mwanzo wa Kiswahili chuoni hapo alikuwa Carl Büttner, mtu wa misioni, aliyewahi kutumika katika nchi inayoitwa leo Namibia. Lakini lugha haifundishwi vema pasipo wenyewe. Kwa hiyo wakaitwa walimu kutoka pwani. Amur bin Nasur wa Unguja alifika mwaka 1891, akafundisha mpaka 1895. Habari za maisha yake ugenini alizoziandika kwa Kiswahili zilichapwa mwaka 1894 katika mkusanyo wa Büttner.

Mwalimu aliye karibu zaidi na watu wa Kiwangwa ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alikuwa Mzaramo, aliyezaliwa Dunda, katika nchi ya Bagamoyo, yapata mwaka 1869. Alikuwa Mwislamu, naye alisoma elimu ya dini yake Bagamoyo. Alipata kusafiri Udoe hadi Uzigua, yaani katika nchi hizihizi jirani zetu, akaandika habari za safari hiyo na za desturi za Wadoe. Maandishi hayo yalichapwa mwaka 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli.

Mwaka 1900 aliitwa Berlin kuwa mwalimu wa Kiswahili. Na tumfikirie mtu huyu. Ametoka katika mji ambao kila apitaye njiani husalimiwa na kuulizwa habari za nyumbani. Anaingia katika mji wenye watu karibu milioni 2, ambamo jirani wa mlango wa pili aweza kukaa mwaka mzima asikujue jina. Ametoka penye jua la Bagamoyo, anaingia katika majira ambayo maji huganda na jua huzama alasiri. Hayo ni mashaka ya kila mgeni, na mtu huyazoea. Koti hununuliwa, lugha hujifunzwa. Kazi yake hakuiacha. Mwaka 1903 kilitoka kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa ni kalamu yake: malezi ya watoto, ndoa, ngoma, utani, madeni, utumwa, safari za bara. Juu ya jalada liliwekwa jina la Carl Velten, mkusanyaji. Hata hivyo, mwanafunzi ye yote anayetaka kuzijua desturi za kale za mrima hana budi kupitia kwa Mtoro.

Lakini yako mashaka yasiyozoeleka, nayo ni kunyimwa heshima ya kazi uliyoitiwa. Baadhi ya wanafunzi wake hawakukubali kusahihishwa na mtu mweusi. Walikuwa wakijiandaa kwenda kuwa mabwana wa watu kama yeye. Iweje leo wakae chini yake kama wanafunzi? Mwalimu alidai adabu ipasayo darasani, hakuipata, na mzozo huo ukaisha kwa yeye kuiacha kazi ya chuo.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuoa. Mwaka 1904 alifunga ndoa na Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 wakapanda meli waje wakae huku pwani. Serikali ya kikoloni haikukubali waishi katika nchi hii kama mume na mke, wakalazimika kurudi Ujerumani. Basi mtu aliyekuwa mgeni Berlin akafanywa mgeni hata mbele ya mlango wa kwao. Kuanzia 1909 hadi 1913 alifundisha Hamburg, kisha akarudi Berlin, akajipatia riziki kwa kutoa mihadhara juu ya Afrika. Alifariki huko mwaka 1927.

Miaka michache baadaye alikuwapo mwingine katika kazi ileile: Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyefika Berlin mwaka 1929. Alisaidia kufundisha Kiswahili kwa miaka kumi hivi, huku akitumika kama mhudumu na mwigizaji wa filamu ili kuilisha familia yake. Mwaka 1941 utawala wa Hitler ulimkamata, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na akafa humo mwaka 1944. Tangu mwaka 2007 liko Berlin jiwe dogo la kumbukumbu lenye jina lake, mbele ya nyumba alimoishi.

Wapendwa, wahenga walisema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huchukulia kwamba maana yake ni kumchosha mgeni. Sivyo. Kumpa jembe ni kumhesabu kuwa mtu wa nyumba. Walimu hawa walipewa jembe tangu siku ya kwanza, nao wakalima vizuri. Walichonyimwa ni nafasi mkekani wakati wa kula. Huo si ukaribishaji. Ni kumtumia mtu.

Neno hili halikusemwa ili kuwatia haya wageni wetu, wala kupunguza shukrani kwa walioleta Injili. Limesemwa kwa sababu lina kazi hapa Kiwangwa. Kila mwaka hushuka kwenye basi kijana aliyepangiwa kufundisha shule za eneo hili, ametoka mbali, begi moja mkononi, hana jamaa, hajapata mshahara wa kwanza. Yupo atakayemwonyesha chumba na kisima? Yupo atakayempelekea nanasi, maana hiyo ndiyo zawadi ya mashamba yetu, bila kumwuliza kwanza kabila lake au dhehebu lake? Na mzazi akisikia mtoto anamcheka mwalimu kwa lafudhi yake, atanyamaza, au atamfundisha mtoto adabu?

Torati iliwaagiza Waisraeli wampende mgeni, kwa kuwa waliyajua wenyewe mashaka ya ugeni. Watu wa pwani hii nao wanayajua; Mtoro aliyaonja kwa niaba yao. Usharika unaoingia katika karne yake ya pili utapimwa kwa majengo yake, ndiyo, lakini zaidi kwa namna mgeni wa kazi anavyolala usiku wake wa kwanza kijijini.

Mungu aibariki Jubilei hii, na aubariki mlango wa kila nyumba ya Kiwangwa. Amina.