Mpishi wa Chuo Naye Ni Mtu wa Chuo

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa reli katika mkutano wa tawi, Mayoni)



Nimeombwa niseme habari za vyuo vikuu. Mimi ni mtu wa reli, na shule yangu ya misheni iliishia darasa la nane. Lakini jambo hili linatuhusu, maana hapa sokoni inapitishwa karatasi ya kuiomba Serikali ivifute vyama vya wafanya kazi wa vyuo vikuu. Wazazi wanasema ni kwa sababu ya mgomo ule ulioanza Septemba 2025, watoto wakakosa masomo na karo imekwisha lipwa. Uchungu wao naujua. Tangu kiwanda cha sukari cha Mumias kilipochukuliwa kwa ajili ya deni la benki mwaka 2019, kupata karo hapa kwetu si mchezo. Hata hivyo nawaomba msitie sahihi.

Chama cha wahadhiri kimekwisha kufutwa mara moja katika nchi hii, na yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1969 wanafunzi wa Nairobi walizuiwa wasimsikilize Bwana Oginga Odinga chuoni kwao. Wakagoma, chuo kikafungwa, na mwalimu wao Ngũgĩ wa Thiong'o akaacha kazi kwa kuona uhuru wa chuo umekanyagwa. Baadaye alirudi kufundisha. Mwaka 1977 alitunga mchezo pamoja na Ngũgĩ wa Mirii, ukachezwa na wakulima na wafanya kazi wa Kamirithu, Limuru, kwa Kikuyu chao wenyewe. Mchezo ulipigwa marufuku, naye tarehe 31 Desemba mwaka huo akatiwa kizuizini bila kushtakiwa. Alitoka Desemba 1978, na kazi yake hakurudishiwa. Wenzake wa chama walimpigania. Mwaka 1980 Serikali ikakifuta chama chao, pamoja na kile cha watumishi wa Serikali.

Basi ngoja muone. Mwaka 1982 wahadhiri walikamatwa, na chama cha kuwauliza mabwana wakubwa hakikuwako tena. Willy Mutunga, aliyekuwa katibu wa chama kile, alitiwa kizuizini. (Ndiye aliyekuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2011.) Maina wa Kinyatti, mwalimu wa historia, alifungwa miaka sita. Al-Amin Mazrui wa Mombasa naye alitiwa kizuizini, na huyu nataka mumkumbuke zaidi, kwa kuwa mwaka 1981 alitoa mchezo wa Kiswahili uitwao Kilio cha Haki, habari za wafanya kazi wa shamba kubwa wanaodai haki yao. Msomi alikuwa akieleza habari zetu sisi! Walipojaribu tena kuandikisha chama mwaka 1993 walikataliwa, wakagoma miezi mingi, na wengine wakapoteza kazi. Chama kiliandikishwa mwaka 2003. Ndiyo kusema miaka 23 ilipita, na karatasi hii ya sokoni inataka turudi huko.

Mtu ataniuliza, huo uhuru wa wasomi ni kitu gani, si maneno ya wakubwa tu? Sisi wa njia ya reli tunaufahamu kuliko wengi. Mtu wa gangi akitembea na nyundo yake akakuta bolti zimelegea au reli imepasuka, huinua bendera nyekundu na treni lazima isimame, hata kama ndani amekaa waziri. Hapo hakuna wa kumwuliza cheti chake. Tena nyapara akimwadhibu kwa kusimamisha treni, siku nyingine atanyamaza, nayo mabehewa yatalala bondeni. Mwalimu wa chuo kazi yake ni hiyohiyo. Akiona kasoro katika dawa, katika hesabu za Serikali au katika historia tunayofundishwa, aiseme. Yule anayeuza maksi au asiyeingia darasani simtetei. Azimio la Kampala la mwaka 1990, lililoandikwa na wasomi wa Afrika, liliutaja uhuru wao na wajibu wao kwa wananchi katika jina lilelile moja.

Sasa nije kwa watu wasiotajwa. Shangazi yangu alipika katika chuo kimoja, nacho sitakitaja, miaka 22. Muda wote huo aliandikwa kibarua cha miezi mitatu mitatu. Siku moja alisema mbele ya wanafunzi kwamba unga uliopokelewa ulikuwa na dudu. Juma lililofuata alipewa ufagio wa kufagia vyoo, na hakurudi jikoni tena. Alipostaafu alifanyiwa sherehe, akapewa cheti chenye fremu na saa ya ukutani, akasifiwa kwa utumishi mwema. Malipo ya uzeeni hakuna. Saa yenyewe inatembea vizuri, sikatai.

Mimi nauliza, yule mama hakuinua bendera nyekundu? Azimio la Lima la mwaka 1988 husema kuwa watu wa chuo ni wale wote wanaofundisha, wanaosoma, wanaochunguza na wanaofanya kazi humo. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 33, imeuweka uhuru wa wasomi ndani ya haki ya kila mtu kusema na kutoa habari, isipokuwa uchochezi na matusi ya chuki. Profesa na mpishi wanakaa chini ya kifungu kimoja. Chuo kinachotaka kumheshimu mtumishi wake kianze kwa kumwandika kazi ya kudumu na kumsikiliza anaposema unga ni mbovu. Saa ya ukutani ije baadaye.

Wazee mnakumbuka chuo cha Kakamega kilivyoanza. Kabla ya kuitwa Masinde Muliro na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, kilikuwa WECO, kilichojengwa kwa harambee ya watu wa Magharibi. Tulipochanga hatukusema tunachangia wenye digrii peke yao.

Kwa hiyo natoa hoja hii. Karatasi ile irudishwe kwa wenyewe bila sahihi ya mwanachama hata mmoja wa tawi hili. Katibu aandike yetu, tuwaombe wazazi waitie sahihi: kwamba fedha zilizokubaliwa na vyama vya vyuo zilipwe kwa wakati, ili watoto wasirudishwe nyumbani tena, na kwamba kibarua wa jikoni, wa ufagio na wa lango, akimaliza mwaka mmoja, aandikwe kazi.

Natafuta wa kuiunga mkono.